Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: mwaka wa kadi za sigara, nafasi tupu, na mtu asiye na kadi

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wakusanyaji wa kadi za sigara za Ujerumani inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka kwa muda usiozidi nusu saa. Mwaka jana nilizidisha, na mtu mmoja akasinzia mstari wa mbele. Sitamtaja, ila ndiye anayetutunzia fedha. Safari hii nimeonelea niiandike yote na kuisambaza mapema, ili siku ya mkutano tusipoteze muda kusoma, tubishane tu. Ya kubishania yapo ya kutosha, mtayaona.

Tumefunga mwaka tukiwa 29. Walioingia ni watano. Aliyetoka ni mmoja, na hakugombana na mtu: amehamia nyumba ndogo, masanduku ya albamu yakakataa kuingia, mkewe akatoa hukumu. Wengi wetu tuko Hamburg, Berlin na Bremen. Wawili wako Dresden, mmoja Muscat, na mmoja Tanga, ambaye hushiriki mikutano kwa simu na umeme wa kwao hukatika kila tunapofika kwenye suala la ada.

Kwa kuwa tuna wapya, nirudie kwa ufupi kile tunachokikusanya. Tangu miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, kampuni za sigara za Ujerumani zilikuwa zikitia picha ndogo ndani ya pakiti, au hati ambazo mvutaji alizilimbikiza kisha akazibadilisha kwa bahasha ya picha. Kila picha ilikuwa na namba. Kampuni hizohizo ziliuza albamu kwa bei nafuu, kurasa zake zimechapwa nafasi tupu na maelezo chini ya kila nafasi, na mtoto wa nyumba akabaki na kazi moja: kuwasumbua baba, ami na jirani wasibadilishe aina ya sigara mpaka nafasi zijae. Zilikuwepo kadi za ndege, za bendera, za meli, za Olimpiki ya 1936. Sisi tumejifunga kwenye nyota wa sinema. Mimi nimekulia Tanga, baba yangu akivuta Sportsman, na picha pekee tuliyoipata nyumbani kutokana na sigara ni kile kichwa cha farasi kwenye boksi. Nadhani wivu wangu ulianzia hapo.

Mtu akiuliza kwa nini sinema, huwa namwambia aangalie tarehe. Kampuni ya filamu iitwayo Ufa ilikuwa na studio Babelsberg, nje kidogo ya Berlin, na katika miaka ile filamu zilizotoka pale zilitazamwa dunia nzima. Brigitte Helm alikuwa ndiye mwanamke wa chuma wa filamu ya Metropolis mwaka 1927. Tarehe 1 Aprili 1930 filamu ya Der blaue Engel ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin, na nyota wake, Marlene Dietrich, akaanza safari ya Marekani usiku uleule. Nyota wa namna hiyo mtu wa kawaida asingeweza kumkaribia, lakini kwa bei ya pakiti ya sigara angeweza kumtia mfukoni. Lilian Harvey, mzaliwa wa London aliyegeuka kipenzi cha Wajerumani. Willy Fritsch, aliyeoanishwa naye filamu baada ya filamu. Hans Albers mwenye macho ya bluu. Anny Ondra, aliyeolewa na bondia Max Schmeling mwaka 1933. Wote hao wamelala kwenye masanduku yetu, kila mmoja ana ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Masoko na minada

Kadi za kawaida zinazidi kushuka bei. Wazee waliozitunza wanaondoka, warithi wanazileta sokoni kwa masanduku, na vijana wa hapa hawana haja nazo. Jumapili moja ya mwezi wa tano, kwenye soko la vitu vikuukuu, tulipata sanduku zima kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Lakini kuna nyuso ambazo haziteremki hata kidogo: Dietrich, Garbo, Louise Brooks, na Anna May Wong, yule Mmarekani wa asili ya Kichina aliyekuja Ujerumani mwaka 1928 kucheza filamu kwa sababu Hollywood ilimbania. Ukimwona mmoja wao kwa bei ya kutupwa, rudisha pochi mfukoni kwanza.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwanachama mwenzetu alinunua mtandaoni kadi tatu za Louise Brooks kutoka kwa muuzaji mmoja aliyejieleza vizuri mno. Zilipofika zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani jana, na kumbe ndivyo ilivyokuwa. Pesa hazikurudi. Kutokana na mkasa huo chama kimenunua taa ya urujuanimno (UV), na matumizi yake nayaeleza hapa kwa sababu watu watatu wameniuliza kwa nyakati tofauti. Karatasi za picha za zamani hazikutiwa dawa ya kung'arisha weupe. Dawa hiyo ilianza kuenea kwenye karatasi za picha baada ya vita, kuelekea miaka ya 1950. Zima taa ya chumba, washa hii yetu: kadi ya 1931 itabaki imefifia, ya bandia iliyochapwa kwenye karatasi ya kisasa itawaka bluu kama shati jeupe kwenye disko. Taa inakaa kwa katibu. Anaiazimisha kwa wiki mbili, si miezi mitatu, na mhusika anajijua.

Kioo cha kukuzia nacho kinasaidia, ila msikitumie kwa pupa. Kadi iliyo picha halisi, iliyosafishwa kwa dawa kwenye chumba cha giza, haina vitone. Kivuli kinapita taratibu kutoka weupe hadi weusi. Iliyochapwa kwa mashine ina vitone. Wapo waliokwisha kuzitupa kadi halali kwa kuona vitone tu, wakati mifululizo mingi ya rangi ilichapwa kwa mashine tangu mwanzo. Kwanza ujue mfululizo wako ni wa aina gani. Na kwenye picha halisi, inamisha kadi kwenye mwanga wa dirisha: sehemu nyeusi zikianza kumeta kama bati, hayo ni madini ya fedha yaliyomo ndani ya picha yanayopanda juu kwa uzee. Muuzaji atakwambia ni kasoro. Mimi huwa nafurahi.

Na maji jamani. Kuna mwanachama aliyetaka kubandua kadi za picha kutoka kwenye albamu iliyooza, akazitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kisha akazianika juu ya gazeti. Utando wa picha ulivimba, ukalainika, ukashika gazeti. Sasa ana nyota kumi na wawili wenye matangazo ya sofa usoni. Mwanachama huyo ni mimi, na nimekwisha kuomba radhi kwa katibu wa uhifadhi.

Kusoma mgongo wa kadi

Mafunzo ya mwezi wa tatu yalihusu namna ya kukadiria umri wa albamu na kadi, na kwa waliokosa natoa mambo mawili ambayo ndiyo yaliyozua mjadala.

La kwanza ni la hapa kwetu Hamburg. Reemtsma, kampuni iliyokuja kumeza sehemu kubwa ya soko la sigara la Ujerumani, ilikuwa na makao yake Bahrenfeld, na huko ndiko ilikoanzisha ofisi maalumu ya picha na albamu, Cigaretten-Bilderdienst. Kwenye albamu nyingi mtasoma Altona-Bahrenfeld. Kwenye nyingine Hamburg-Bahrenfeld. Tofauti hiyo si ya mchapaji kuchanganyikiwa. Altona ulikuwa mji unaojitegemea mpaka sheria ya mwaka 1937 ilipouingiza ndani ya Hamburg. Kwa hiyo albamu inayosema Altona kwa kawaida imetangulia. Vile vitabu viwili vikubwa vya Oskar Kalbus kuhusu historia ya filamu za Kijerumani, kimoja cha filamu bubu na kimoja cha filamu za sauti, vya mwaka 1935, vyote ni vya Altona. Picha zake ni nzuri kupita kiasi. Maandishi yaliandikwa chini ya utawala wa Nazi, na yanasomwa kama samaki mwenye miiba.

La pili ni jina Ross. Mgongoni au chini ya kadi nyingi za picha halisi mtaona Ross Verlag, Berlin. Heinrich Ross ndiye aliyekuwa mfalme wa picha za nyota: postikadi zake zilienea Ulaya yote, na kampuni za sigara zilichukua picha kwake. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1937 alisukumwa nje ya kampuni yake mwenyewe, akakimbilia Marekani, akafia Chicago mwaka 1957. Jina likabaki kwenye kadi. Kwa miaka kadhaa picha ziliendelea kutoka zikiwa na jina la mtu aliyekwisha kufukuzwa, mpaka vita vilipokuwa vimeshika kasi ndipo kampuni ikaitwa Film-Foto-Verlag. Mwanachama mmoja mpya, dada wa Bremen, alikaa kimya baada ya kuelezwa hayo, kisha akaanza kugeuza kadi zake moja moja kutazama migongo. Somo la siku ile liliishia hapo, hakuna aliyetaka kurudi kwenye mbele ya kadi.

Mfano mwingine ni Garbáty wa Pankow, kaskazini ya Berlin, waliotoa mifululizo ya warembo inayopendwa mpaka leo. Familia ililazimishwa kuuza kiwanda mwaka 1938 na kuondoka nchini. Mzee Josef Garbáty, mwanzilishi, alibaki Berlin, akafa mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 88.

Safari ya Dresden

Safari ilifanyika mwezi wa sita, tukiwa watu 11, na treni ilichelewa kama kawaida ya treni za nchi hii. Dresden ndiyo iliyokuwa Makka ya sigara Ujerumani, nami natumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu jambo la kwanza unaloliona ukikaribia kituo ni msikiti. Ina kuba kubwa ya vioo vya rangi. Ina minara. Mwenzetu mmoja, mtu wa Lamu, aliuliza kwa dhati kabisa kama tutawahi Adhuhuri.

Ni kiwanda cha sigara. Hugo Zietz alikijenga na kukikamilisha mwaka 1909, akakiita Yenidze kwa jina la eneo la tumbaku lililokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, ambako ndiko tumbaku yake ilikotoka. Mnara mrefu ni bomba la moshi. Wakati ule sigara za Ujerumani zilitegemea tumbaku ya mashariki, ya Ugiriki, Uturuki na Bulgaria, na kila mwenye kiwanda alitaka mvutaji ajione Istanbul. Sigara iliyomtajirisha Zietz iliitwa Salem Aleikum. Naam. Mtu anakutolea salamu ili uvute. Yule wa Lamu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema kwamba kuitikia salamu ni wajibu, basi Wajerumani wale hawakuwa na njia ya kukwepa.

Wenyeji huliita jengo hilo Msikiti wa Tumbaku. Liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1945, likatengenezwa upya miaka ya 1990, na sasa ni ofisi, na juu kabisa, chini ya kuba, kuna mkahawa. Tulikunywa chai huko. Chai ilikuwa ghali na haikuwa na viungo. Salem Gold, kadi za filamu zilizotolewa kwa jina la sigara hiyo, tunazo kumi na saba, na baada ya safari ile mtu wa Lamu ameomba awe mlezi wake. Kamati imekubali.

Albamu ya nafasi tupu

Sasa nije kwenye lile lililotugawa.

Sanduku lile la mwezi wa tano lilikuwa na albamu moja ya nyota wa sinema ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Jalada limechakaa, kurasa ni nzima, na nafasi 9 ni tupu. Kwa mkusanyaji wa kawaida hiyo ni habari njema: kadi 9 tu, nyingi tunazo za ziada, tunabandika, albamu inakamilika na thamani inapanda. Mhifadhi wetu alikwisha kuandaa gundi ya wanga. Aliyemzuia ni yuleyule dada wa Bremen, ambaye wakati huo alikuwa hajamaliza miezi miwili chamani. Akasema tuangalie kwanza majina.

Conrad Veidt alikuwa mmoja wao. Huyu alikuwa na nyumba, jina na mali Ujerumani, mkewe alikuwa Myahudi, na mwaka 1933 aliondoka akahamia Uingereza. Mwishoni alikuwa Hollywood, ambako kazi aliyopewa zaidi ni kucheza maofisa wa Kinazi. Yule meja kwenye filamu ya Casablanca ndiye yeye. Alifariki mwaka 1943, vita havijaisha. Nafasi nyingine ilikuwa ya Elisabeth Bergner, naye Myahudi, naye aliondoka. Tulipomulika kurasa kwa taa ya pembeni tuliona kwamba karatasi ya nafasi hizo mbili imechubuka: kadi zilikuwa zimebandikwa, kisha zikang'olewa.

Hapo chumba kilipata joto. Wapo walioona ushahidi mbele yao, mkono wa mtu aliyesoma magazeti ya 1933 akafungua albamu ya mtoto wake. Huenda. Lakini ya tatu iliyochubuka ni ya Tom Mix, mpanda farasi wa Marekani, ambaye hakuna aliyekuwa na ugomvi naye, na mimi niliyekua nikibadilishana vizibo vya soda kwa gololi najua vitu huondokaje kwenye hazina ya mtoto. Nafasi sita zilizobaki ni safi, hazijawahi kuguswa na gundi. Karatasi inasema kadi ilitoka. Haisemi nani aliitoa wala alikuwa na hasira gani.

Nilichukua upande, na mwenyekiti hatakiwi kuchukua upande kabla ya kura, kwa hiyo walionilaumu wana haki. Nilisema tusibandike kitu. Albamu iliyojazwa na sisi mwaka huu ni albamu yetu, si ya nyumba ile. Tukiijaza tutakuwa tumefuta alama pekee ambayo mwenye nayo wa kwanza ametuachia bila kujua, iwe ni woga, chuki au gololi. Waliopinga walikuwa na hoja nzito pia: sisi ni wakusanyaji, hatukuja hapa kutunza matundu, na mmoja akasema kwamba kumrudishia Veidt nafasi yake ni heshima kwake. Hoja hiyo ya mwisho bado inanisumbua. Kura zilikuwa 14 kwa 9. Nafasi zinabaki tupu. Kadi ya Veidt na ya Bergner tumezitia kwenye bahasha nyuma ya jalada, pamoja na kijikaratasi chenye tarehe kinachosema zimewekwa na nani.

Kutokana na mjadala huo daftari letu la kadi limeongezwa safu mpya. Zamani tuliandika namba, mfululizo, kampuni na hali ya kadi. Sasa tunaandika na mtu mwenyewe aliishia wapi. Ni kazi ya polepole. Mkishika kalamu mtaona kwa nini: Kurt Gerron, mchawi wa jukwaani kwenye Der blaue Engel, yule mnene aliyechekesha nchi nzima, aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Otto Wallburg, mchekeshaji mwingine, Auschwitz, mwaka uleule. Joachim Gottschalk alijiua mwaka 1941 pamoja na mkewe Myahudi na mtoto wao. Renate Müller alianguka dirishani Berlin mwaka 1937. Halafu unageuza ukurasa unakuta Emil Jannings, mtu wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora, ambaye alibaki na akawatumikia wenye nguvu kwa kipaji chote alichokuwa nacho. Kadi zao zina ukubwa mmoja na tabasamu moja.

Brunnenstraße

Mwezi wa kumi tulikutana Berlin, na swali lililotupeleka huko liliulizwa na kijana wetu wa Dresden, mwanafunzi, kwa Kiswahili kisicho na mapambo: "Sisi tupo wapi humu?"

Jibu la haraka ni kwamba tupo kama mandhari. Mwaka 1936 Cigaretten-Bilderdienst ya Dresden ilitoa albamu ya makoloni ya Ujerumani, miaka karibu ishirini baada ya makoloni yenyewe kupotea, na humo mtaona pwani yetu, minazi yetu na askari wa kikoloni, vyote vimechorwa kwa rangi za kutamanisha. Ila yeye hakuuliza kuhusu minazi. Aliuliza kuhusu sinema.

Basi kuna Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani alijiita Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa jeshi la Wajerumani. Yeye mwenyewe alitiwa jeshini akiwa mtoto, akajeruhiwa Mahiwa, kule Lindi, Oktoba 1917, akawa mateka wa Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin. Alidai malimbikizo ya mshahara wa vita, akaambiwa amechelewa. Akawa mhudumu Haus Vaterland, lile jumba la starehe la Potsdamer Platz, na chuo kikuu akafundisha Kiswahili maofisa na wasomi. Kuanzia 1934 alicheza kwenye filamu zaidi ya ishirini: mtumishi, mpagazi, askari, mkalimani, mtu wa kusimama nyuma ya Mzungu. Ya mwisho ilikuwa filamu ya 1941 ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Aliyecheza Peters ni Hans Albers. Mwaka huohuo Husen alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944.

Nimehesabu: Hans Albers tunaye mara 43. Yumo na kofia ya baharia, yumo na suti, yumo akivuta sigara. Husen, aliyesimama naye mbele ya kamera moja, hatujampata kwenye kadi hata moja, na tumepekua kila mfululizo wa chama na wa wanachama wote walioturuhusu.

Tulikwenda Brunnenstraße namba 193, ambako kwenye lami mbele ya nyumba kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake, lililowekwa mwaka 2007. Mvua ilikuwa inanyesha. Mzee wetu wa Muscat, aliyekuwa Berlin kwa matibabu, alisoma Fatiha, na wasio Waislamu walivua kofia. Mama mmoja Mjerumani aliyekuwa anapita na mbwa alituuliza kama ni ndugu yetu. Kijana wa Dresden akamjibu ndiyo. Nilitaka kusahihisha, kisha nikaona sina cha kusahihisha.

Kijana huyo ameleta pendekezo, nalo liko kwenye ajenda namba 6. Anataka chama kichapishe kadi ya Husen, kwa ukubwa wa kadi za wakati ule, kwa picha halisi na maelezo ya Kiswahili na Kijerumani nyuma, igawiwe bure. Naunga mkono. Ninachokipinga ni lile ombi la pili, la kuichakaza kwa chai na jua ili ifanane na nyingine na kuibandika kwenye albamu mojawapo karibu na Albers. Tumepoteza pesa mwaka huu kwa mtu aliyefanya vivyo hivyo na Louise Brooks. Kadi ya Husen iandikwe wazi mwaka iliochapwa. Chini ya taa yetu iwake bluu.

Mengineyo

Maonyesho ya siku ya utamaduni yalikwenda vizuri. Nawakumbusha tena kwamba alama za Kinazi haziruhusiwi kuonyeshwa hadharani hivi hivi. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinaacha nafasi kwa elimu na historia, lakini meza ya kuuzia kadi si darasa. Albamu za miaka hiyo tuzionyeshe zikiwa na maelezo, au ukurasa ufunikwe. Aliyeleta albamu ya Olimpiki ikiwa wazi ukurasa wa gwaride nimekwisha kuzungumza naye, na hakuwa na nia mbaya.

Kuna mzazi aliyeandika kuuliza kama tunawafundisha watoto kuvuta. Nilimjibu kwamba katika wanachama 29 anayevuta ni mmoja, na analazimika kutoka nje hata baridi iwe vipi, kwa sababu moshi ni adui wa kadi.

Hesabu kamili zimeambatishwa na mweka hazina, aliye macho. Kwa kifupi tulianza na euro 365, tumemaliza na euro 412, licha ya taa, bahasha na ukodishaji wa ukumbi. Wanne hawajalipa ada. Ada inabaki euro 30, isipokuwa mkutano uamue vingine.

Nafasi ya katibu wa uhifadhi iko wazi, kwa kuwa aliyepo anarudi Mombasa. Mimi nimemaliza vipindi viwili na katiba hainiruhusu cha tatu. Dada wa Bremen ameombwa agombee uenyekiti, amekataa mara mbili, na nasikia ameanza kulainika.

Mkutano ni Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi uleule, ghorofa ya tatu, na lifti bado ni mbovu. Nina masanduku manne ya kukabidhi, kila moja uzito wa gunia la mchele. Mwenye mgongo mzima afike saa saba na nusu.

Mwenyekiti